Hilux ya tairi 33 iliyoishiwa breki mteremko wa Soni: kisa kizima toka mwanzo

Simu iliingia kama saa kumi jioni hivi. Shemeji yangu yuko katikati ya Soni na Mombo, sauti imemkauka kabisa, ananiambia shemeji breki zimeniishia, pedali inazama mpaka chini, nimepambana na gia ya pili na hendbreki mpaka nikaielekeza gari upande wa mlima ikaingia mtaroni, moshi unatoka tairi za mbele. Nyuma ana viroba vya karoti na kabichi toka Lukozi na kijana wake wa mzigo amekaa juu ya viroba. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikikumbuka, kwasababu ile barabara mnaijua, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde.

Nikamwambia usikate simu, chukua chupa ya maji, chovya vidole udondoshee matone kwenye diski ya mbele, matone tu usimwage, maana diski ikiwa ya moto ukaimwagia maji inapinda au inapasuka. Nikasikia chwaaa mpaka kwenye simu. Nikamwambia haya nenda nyuma fanya vilevile kwenye drumu. Kimya. Akasema shemeji huku maji yanatiririka tu, nimeshika kwa mkono, ni vuguvugu.

Hapo ndo nikajua ni kitu gani tunakitafuta, japo kukipata ilichukua siku mbili. Gari imeshuka mlima na mzigo wa karibu tani moja na breki za nyuma hazijafanya kazi yoyote, za mbele zimebeba kila kitu peke yake mpaka mafuta ya breki yakachemka. Naandika kisa chote kwa urefu maana hapa Tanga gari zilizonyanyuliwa ni nyingi, na wengi nikiwauliza breki wananiambia ziko poa nimeweka pedi mpya.

Gari yenyewe ni Hilux double cabin ya zamani, LN106, injini 3L ya dizeli, springi za majani mbele na nyuma. Shemeji hakuinyanyua kwa urembo. Masika ikianza njia za kule Lukozi na vijiji vyake zinakuwa tope la utelezi, gari ya chini inakaa kitumbo na mboga zinaoza juu ya gari. Kwahiyo ameinyanyua inchi 3 mbele na nyuma, nyuma wakamuongezea na jani moja la springi ibebe zaidi, akatoa tairi zake 205R16 akaweka 285/75R16 za tope, zile tunaziita 33. Kwa tope gari ikawa nzuri kweli, hilo simbishii.

Breki zikaanza kulegea siku ileile ilipotoka kwa fundi. Na yeye alihisi, sio kwamba hakuhisi. Akarudi, fundi akamwambia gari kubwa inataka masta kubwa, akamtolea masta silinda yake, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, iliyoandikwa 7/8 (ya inchi) ubavuni akamfungia ya inchi 1 ya Land Cruiser. Pedali ikawa ngumu, wakafurahi wote. Baadae akanunua diski za matundu matundu na pedi alizoambiwa ni za mashindano. Jumla ya hayo yote laki nne na themanini. Breki haikuimarika.

Kwanza niseme kuhusu tairi yenyewe maana watu wanaidharau. 205R16 ina kipenyo cha milimita 736 hivi, 285/75R16 inafika 834. Breki inakamata diski, lakini kinachosimamisha gari ni pale tairi inapogusa lami, na ule umbali toka katikati ya ekseli mpaka chini umeongezeka, kwahiyo kwa mguu uleule na pedi zilezile nguvu inayofika kwenye lami imepungua asilimia 12. Ni kama kumzuia mtu anayesukuma mlango, ukikamata karibu na bawaba unatoka jasho. Hiyo moja. La pili spidomita inadanganya, ikisoma 80 gari iko karibu 91, na nguvu ya mwendo haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba, kwahiyo kwa spidi unayoiona wewe ni 80 gari imebeba nguvu asilimia 28 zaidi ya zamani. Ukiziunganisha hizo mbili, kwa mguu uleule gari inataka umbali wa karibu mara moja na nusu kusimama, kabla hujaweka hata kiroba kimoja. Alafu tairi lenyewe ni zito, tuliyapima kwenye mzani wa gunia, jipya na rimu yake limezidi la zamani kilo 14, na uzito unaozunguka pembeni ya tairi breki inausimamisha mara mbili, mara moja kwa kuwa unakwenda mbele na gari na mara ya pili kwa kuwa unazunguka.

Sasa mlima. Lushoto mpaka Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gari na mzigo wake tuseme kilo 2,600. Ule ushukaji wote ukigeuka joto unatosha kuchemsha lita 80 za maji toka baridi mpaka zitokote. Ndio, injini inabeba sehemu yake na upepo pia, lakini kinachobaki chote kinaingia kwenye diski na drumu. Na injini nayo haisaidii kama zamani, kwasababu tairi kubwa limerefusha gia, gia ya pili ya leo ni ndefu kuliko ya pili ya jana, unashuka ukidhani injini inashika kumbe imelegea, mguu unabaki kwenye pedali kilomita nzima.

Gari ilivutwa mpaka Mombo, kesho yake ikaja Tanga, tukaiingiza gereji moja hapa Ngamiani ambayo fundi wake namuamini kwa sababu moja, hafungui spea mpya kabla hajapima. Nikamueleza habari ya matone ya maji. Akauliza swali zuri sana, pedali ilikuwa laini au ngumu? Hili mtu yeyote anayeshuka milima alijue. Pedali ikizama laini kama unakanyaga sponji, mafuta ya breki yamechemka na kuna mvuke ndani. Pedali ikiwa ngumu juu lakini gari haisimami, pedi ndo zimepitiwa na joto. Ya shemeji ilizama, na ilipopoa nusu saa ikarudi juu yenyewe. Mafuta yamechemka.

Tukayatoa, meusi kama chai ya rangi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishakunywa unyevu yanashuka mpaka 140 huko, na hii pwani yetu hewa yenyewe ina maji. Shemeji hakumbuki mara ya mwisho kubadili. Tumeweka DOT 4, ambayo mpya ni 230 na ikishakunywa maji bado ni 155, na inakubali kuchanganyika na mabaki ya DOT 3. Msichanganye na DOT 5 hata kama namba ni kubwa, ile ni silikoni, ni kitu kingine kabisa. Busta, kile kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu kwenye pedali, tuliijaribu pia, injini imezimwa unakanyaga pedali mara tano sita mpaka inakuwa ngumu, unaishikilia, unawasha, ikizama kidogo busta iko hai. Kwenye dizeli hizi upepo wa busta unavutwa na pampu ndogo iliyoshikana nyuma ya altaneta, ikichoka pampu hiyo unaweza kubadili breki zote na usipate kitu. Yetu ilikuwa nzima.

Tukainyanyua kwa jeki chini ya chesisi, ekseli zikaning'inia. Mipira ya breki ya mbele, ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye tairi, ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Imenyanyuliwa gari, mipira imeachwa ya urefu uleule. Siku tairi moja ikidondokea shimo refu la tope, mpira unachomoka, na bahati ikiwa mbaya hilo linatokea mlimani.

Alafu nyuma. Fundi alivua drumu, viatu vya breki bado vinene kabisa, vinang'aa, havijaliwa, na nafasi kati ya kiatu na drumu unaona kwa macho. Hizi Hilux zinajirekebisha zenyewe kupitia hendbreki, kuna kichuma cha pembe nyuma ya bamba la drumu, kamba ya hendbreki inakivuta, kinasukuma kirekebishio ndani. Chumvi ya hapa pwani na tope la Lushoto vimekigandisha pande zote mbili, mkono wa kushoto fundi alikigonga kwa nyundo ndo kikatikisika. Tumevifungua, kusafisha kutu, grisi, vikarudi kucheza, tukakaza kirekebishio mpaka drumu ikawa inagusa kidogo tu ukizungusha kwa mkono.

Nikadhani tumemaliza. Tukatoa upepo kwenye mfumo, kijana anakanyaga ndani mimi niko nyuma na spana, mbele mafuta yanaruka vizuri, nyuma yanatoka kwa uvivu, yanadondoka. Fundi akalala chini ya gari na tochi, akakaa kimya muda mrefu, akaniita. Njoo uone hii.

Juu ya difu ya nyuma (zile gia za katikati ya ekseli), kwenye chesisi, kuna valvu ya breki yenye fimbo ndefu ya springi inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, nyuma ya gari inakaa, fimbo inasukumwa juu, valvu inafungua presha nyingi iende nyuma kwa kuwa tairi za nyuma zimekandamizwa na zinaweza kushika. Gari ikiwa tupu, nyuma imeinuka, fimbo inashuka, valvu inabana ili tairi za nyuma zisije kujifunga zikateleza. Kitu kizuri sana kwa gari ya mzigo. Sasa wewe umeinyanyua chesisi inchi 3. Ile fimbo imevutwa chini mpaka mwisho. Valvu inaona gari tupu, tena tupu kuliko siku iliyotoka kiwandani. Na lile jani la springi la kuongeza limezidisha, maana hata ukipakia viroba tani nzima gari haikai kama zamani, kwahiyo valvu haijui kabisa kama kuna mzigo. Shemeji ameshuka Soni na tani ya karoti na valvu yake inaamini bodi iko wazi.

Hii ndo sababu yenyewe. Masta, diski za matundu, pedi za mashindano, hakuna hata kimoja kingeweza kuitibu, na kila kimoja kiliuzwa kwa maneno matamu. Na ile masta kubwa iliharibu zaidi. Kutoka 7/8 kwenda inchi 1 eneo la pistoni limeongezeka asilimia 30, kwahiyo kwa nguvu ileile ya mguu presha inashuka asilimia 23. Pedali inakuwa ngumu na fupi, dereva anahisi breki imeimarika, kumbe mguu ndo unafanya kazi zaidi na gari inasimama kidogo zaidi. Hilo lilinikera, kwa sababu aliyefunga aliona ugumu wa pedali akaridhika, hakupima hata mara moja gari inasimama kwa mita ngapi.

Kutibu valvu kuna njia mbili mbaya ambazo mtazisikia. Ya kwanza kuifunga fimbo kwa waya ikae juu muda wote, ya pili kuitoa valvu na kuunga paipu moja kwa moja. Usikubali. Gari iliyonyanyuka ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele zaidi kuliko ya chini, nyuma inakuwa nyepesi, ukiwa mtupu kwenye mvua tairi za nyuma zinajifunga kwanza na gari inageuka kuangalia ulikotoka.

Njia ya haki ni kuirudisha ile fimbo mahali pake pa zamani. Pa zamani ni wapi? Shemeji hajui, hakuna aliyepima kabla ya kunyanyua. Kuna mzee Pongwe ana Hilux kama hiyohiyo, haijaguswa, ya kubebea nazi. Tukaenda, shikamoo mzee, tukamueleza shida, akasema marahaba wanangu, lala chini pima unachotaka. Tukapima toka chesisi mpaka ncha ya fimbo gari ikiwa tupu. Ya shemeji ilikuwa imeshuka milimita 78 zaidi, kunyanyuliwa kwa inchi 3 kabisa. Tukarudi kwa mchomeleaji akatukatia bamba la milimita 6, akalikunja umbo la Z, tukalifunga kwa bolti pale fimbo inaposhikia ekseli, ncha ikapanda juu milimita 75. Bolti, sio kuchomelea kwenye ekseli. Elfu thelathini na tano na soda ya mchomeleaji.

Kwa ajili ya lile jani la kuongeza tukasogeza kidogo zaidi kwenye tundu la kurekebishia, milimita chache, alafu tukajaribu gari tupu kwenye lami iliyolowa, spidi ndogo, breki ya ghafla, mtu nje anaangalia tairi zipi zinajifunga kwanza. Lazima iwe za mbele. Mara ya kwanza nyuma ilitangulia, tukarudisha, mara ya tatu ikakaa sawa. Mwenye geji za presha afanye kwa geji, ni bora zaidi, sisi hatukuwa nazo.

Kupima kusimama tulikwenda kipande kilichonyooka kabla ya Pongwe, Jumapili alfajiri, mtu kila upande. Spidi tunasoma kwenye simu kwa GPS, sio spidomita. Kilomita 60 halisi, gari tupu, mara tatu tatu tunachukua wastani. Kabla ya kugusa chochote zaidi ya kubadili mafuta ilikuwa mita 33. Baada ya drumu na bamba la valvu na mipira mirefu, mita 25. Hilux ya mzee, ya chini, tairi zake za kawaida, mita 20.

Kwahiyo mita 8 zimerudi bila kununua breki mpya hata moja. Mita 5 zilizobaki tairi kubwa ina sehemu yake, na hapo sasa ndo unaingia kwenye spea. Tulitafuta kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) za Toyota Surf ya V6, zile zenye pistoni nne na maandishi S12W ubavuni, zake zilikuwa S12+8. Pistoni na pedi za S12W ni kubwa zaidi, inabidi kukata kidogo lile bati la kukinga vumbi, na diski nene ya kuendana nayo, nenda na kalipa mkononi ukanunue diski usitegemee maneno ya dukani. Na hapa ile masta ya inchi 1 ikapata kazi yake, maana pistoni zikiwa kubwa kalipani zinataka mafuta mengi zaidi kila ukikanyaga, masta ndogo pedali ingekuwa ndefu. Masta na kalipa ni watu wa ndoa moja, usibadili mmoja bila kumuuliza mwenzie.

Pedi someni herufi zilizopigwa pembeni. Kuna mbili, ya kwanza ni jinsi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikishapata moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G inazidi hapo. Zile za mashindano alizouziwa shemeji ziliandikwa EE. Tumeweka FF, bei yake ilikuwa chini kuliko zile. Tukazizoesha, toka 60 kushuka mpaka 10 mara kama kumi bila kusimama kabisa, alafu mwendo wa taratibu kilomita kadhaa zipoe. Kipimo cha mwisho mita 21.

Jumamosi iliyopita nilipanda nae mwenyewe. Kurudi na mzigo, toka Soni gia ya pili yote, sehemu za kona kali gia ya kwanza, breki anakanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi anaachia, hafungi mguu pedalini. Tulipofika Mombo tukasimama, nikachukua chupa. Mbele chwaa. Nyuma kulia chwaa. Nyuma kushoto nayo chwaa ila imechelewa kidogo, kile kichuma cha kushoto bado kizito, wiki hii kinabadilishwa kabisa.

Kinachobaki ni difu. Uwiano wa gia za difu yake ni 4.10, inamfaa 4.88 ili gia zirudi fupi na injini ishike tena mlimani, lakini lazima ibadilishwe ya mbele na ya nyuma kwa pamoja zilingane, ukibadili moja ukaweka 4x4 unavunja. Tunaitafuta iliyotumika. Spidomita kwa sasa ameibandikia karatasi pembeni kwa mkono wake, 60 ni 68, 80 ni 91.